Subira ya Staa wa Roki: Tunawaelewa Vibaya Wasomaji wa Riwaya za Mapenzi

Rafu ya riwaya za mapenzi imesogea mbele katika maduka ya vitabu ya Nairobi. Miaka si mingi iliyopita ulikuwa ukiitafuta nyuma kabisa, karibu na vitabu vya mapishi. Siku hizi, kuanzia Mama Ngina Street hadi Westlands, inakupokea mlangoni, majalada ya rangi ya waridi na samawati yakiwa yamepangwa uso mbele. Wachuuzi wa mitumba ya vitabu wa Tom Mboya na Moi Avenue, ambao wateja wao huinama kando ya njia kuchagua, nao wameshajua cha kuweka juu ya rundo. Chanzo kinajulikana: video fupi za TikTok ambamo wasomaji, wengi wao wasichana na wanawake vijana, husimulia kitabu kilichowakesha. Na pamoja na rafu hiyo umerudi mjadala wa zamani, kwamba vitabu hivi vinawapotosha. Safari hii kinachonyooshewa kidole zaidi ni riwaya za mastaa wa roki: mwimbaji au mpiga gitaa mwenye tatuu mikono yote miwili, anayejaza viwanja vya michezo, na mwanamke wa kawaida anayekutana naye.

Wakosoaji huzihukumu kwa njia mbili. Wapo wanaoona uchafu tu, picha chafu zilizogeuzwa maneno na kufunikwa jalada zuri. Wapo wanaoona tamaa: ndoto ya sponsa, mwanamume tajiri anayemgharimia mpenzi wake, ila huyu ana gitaa. Hukumu zote mbili zinashindwa kueleza jambo lililo wazi kwa yeyote aliyezisoma. Ndani ya aina hii, vitabu vinavyopendwa kwa dhati, vinavyosomwa mara ya pili na kuazimwa hadi jalada litoke, mara nyingi ni vile vinavyokwenda polepole. Kurasa mia mbili hupita kabla ya busu la kwanza. Msomaji anayetafuta uchafu angekata tamaa mapema, na anayetafuta pesa ameshazipata sura ya kwanza, maana mtu huyo ni tajiri tangu anapoingia. Kinachomvuta msomaji ni subira ya mtu asiyelazimika kusubiri. Umaarufu, pesa na kelele za mashabiki vimewekwa pale ili kuipa subira hiyo thamani, na asiyeliona hilo ataendelea kuwagombeza wasomaji kwa kosa ambalo hawajalifanya.

Kenya haikuanza kusoma mapenzi jana. Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908, ilikuwa jina la kawaida katika mabweni ya shule zetu za wasichana muda mrefu kabla ya intaneti. Nilisoma shule ya bweni, na huko riwaya moja haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilichanwa kwenye mshono vipande vinne au vitano ili wasichana kadhaa waisome kwa pamoja wakati wa prepu, kipindi cha kujisomea jioni, kila mmoja akiwa amekificha kipande chake ndani ya atlasi au kitabu cha kemia. Aliyeangukiwa na kipande cha tatu kwanza alisoma wapenzi wakigombana bila kujua walikutana wapi, na bado alisoma. Kipande kilichochakaa upesi, kilichorudi na kona zilizokunjika na alama za mafuta ya kujipaka, hakikuwa cha mwisho wanapooana. Kilikuwa cha katikati, pale mwanamume ameshajua anapenda na hajasema.

Mashujaa wa enzi hizo walikuwa daktari bingwa, tajiri wa Kigiriki mwenye meli, shekhe wa jangwani, mwenye shamba kubwa la ng'ombe Australia. Wengi wao waliamuru. Ukali wao ulitufundisha kusubiri ukurasa ambao utageuka kuwa mapenzi, na kwa kweli baadhi ya vitabu hivyo leo siwezi kumpa binti yangu bila kukaa naye tuongee kwanza. Staa wa roki alitoka njia nyingine. Kwa sehemu kubwa alizaliwa na mashabiki wenyewe, katika hadithi walizoandikiana bure mtandaoni kuhusu wanamuziki waliowapenda. Wattpad, iliyoanzishwa Toronto mwaka 2006, ilijaa hadithi kama hizo baada ya bendi ya One Direction kuundwa mwaka 2010, na waandishi wengi walikuwa wasichana wakiandika kwa simu. Asili hiyo ina maana yake. Shabiki anamjua mtu kwa miaka bila yeye kujulikana na mtu huyo. Anajua sauti yake, mji aliozaliwa, wimbo aliouandika alipofiwa na mama yake, wakati yule mwanamuziki hajui hata kama shabiki huyo yupo duniani. Hadithi inayotoka mahali hapo lazima iwe ndefu, kwa sababu kazi yake ni kusawazisha mizani: kumfanya anayejulikana na wote ajifunze kumjua mtu mmoja.

Bendi yenyewe pia iliwafaa waandishi. Ina watu wanne au watano, na kila mmoja anaweza kupata kitabu chake. Mpiga ngoma anayeonekana mcheshi tu katika kitabu cha kwanza, msomaji humfuata akipita nyuma ya hadithi za wenzake, na kufikia kitabu cha nne anajua kwamba ucheshi ule ni pazia. Halafu kuna mkataba ambao kila msomaji wa mapenzi anaujua: chama cha waandishi wa mapenzi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, hutambua riwaya ya mapenzi kwa mambo mawili, kwamba penzi liwe kiini cha hadithi na kwamba mwisho uwe wa matumaini na wa kuridhisha. Watu hulicheka sharti hilo. Mimi naona ndilo linaloruhusu upole. Msomaji akishajua watafika, anaacha kukimbilia mwisho na kuanza kutazama njia.

Na njiani kuna nini? Chukua muundo mmoja unaofanya kazi vizuri katika aina hii. Mwimbaji amekatiza ziara kwa sababu nyuzi za sauti zimeota vinundu, na daktari amemwamuru anyamaze kwa wiki kadhaa. Mtu ambaye maisha yake yote ni kusikilizwa sasa hana la kufanya ila kusikiliza. Amejificha katika mji mdogo, amepanga chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mwanamke anayefanya hesabu za duka hilo hana muda naye. Wanaandikiana vikaratasi. Kwa kurasa themanini hakuna zaidi ya vikaratasi, chai, na bomba linalovuja ambalo hajui kulitengeneza ila anajaribu. Kisha siku moja mwanamke anamtazama mkono wa kushoto akipokea chenji. Wapiga gitaa wa nyuzi za chuma huota sugu kwenye ncha za vidole, na wakiacha kupiga kwa wiki kadhaa sugu hulainika na kuanza kubanduka. Anaona ngozi inabanduka. Anajua, bila kuambiwa, kwamba hajaligusa gitaa tangu afike. Hasemi kitu. Msomaji makini anasimama hapo na kurudia aya, kwa maana mtu ambaye maelfu wamempiga picha ndiyo kwanza ameonekana.

Mandhari kama hiyo isingekuwa na uzito uleule kwa mwanamume ambaye hana pengine pa kwenda. Mtu wa kawaida akisubiri, huwezi kujua kama anasubiri kwa upendo au kwa kukosa njia. Staa wa roki ana milango yote wazi. Kila dakika yake imeuzwa: kuna meneja, kuna ratiba ya ziara, kuna kampuni ya muziki inayodai albamu, kuna watu wanaolala nje ya hoteli. Kwa hiyo anapotumia saa mbili kutengeneza bomba, msomaji anajua gharama ya saa hizo. Ndiyo sababu nasema umaarufu ni kipimo. Wanaodhani msomaji anatamani jukwaa hawajaona jinsi vitabu hivi vinavyolipitia jukwaa haraka. Tamasha lenye watu elfu hamsini hupewa kurasa tatu, na jikoni baada ya tamasha hupewa ishirini.

Sasa tuulize kwa nini jambo hili liwaguse wasomaji wa Nairobi, mji ambao roki ndani yake ni muziki wa wachache. Kundi lenye bidii lipo, na bendi kama Parking Lot Grass, Murfy's fLaw na Crystal Axis zimewahi kulikusanya, lakini wasomaji wengi ninaowafahamu wa riwaya hizi husikiliza injili, Bongo Flava na amapiano. Hawasomi kwa ajili ya muziki. Wanasoma kwa ajili ya kile ambacho mji huu unawanyima. Mapenzi ya Nairobi yanakwenda mbio na yanahesabu. Mnaandikiana usiku kucha kwa wiki mbili, halafu kimya. Ujumbe umesomwa, alama mbili za buluu, hakuna jibu. Utani wa mitandaoni kuhusu msichana aliyekula nauli asifike na kijana aliyeituma unachekesha kwa sababu kila mtu ameshaingia katika hesabu hiyo, upande mmoja au mwingine. Katika hali kama hiyo, riwaya ambayo watu wawili wanatumia majira mazima ya mvua kujuana, na hakuna anayemdai mwenzake chochote, inazungumza na njaa halisi.

Kuna njaa nyingine nzito zaidi. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kudhuriwa mwili tangu wafike miaka 15. Msichana anayepanda teksi usiku humtumia rafiki yake namba ya gari, na rafiki halali hadi asikie amefika. Huyo ndiye msomaji tunayemzungumzia. Sasa mpe hadithi ya mwanamume aliyemzidi mwanamke kwa kila kipimo cha nguvu, pesa, jina, walinzi, mwili, mawakili, na ambaye katika kurasa mia nne hatumii hata kimoja kumlazimisha. Anauliza kabla ya kugusa. Akiambiwa bado, anarudi chumbani kwake na kesho asubuhi anakuja na mkate kama jana, bila kununa. Mwandishi akimfanya mwanamume huyo kuwa karani mpole, hatari haipo na kwa hiyo usalama haupimwi. Akimfanya staa, msomaji anaona nguvu ikishikiliwa. Kwangu hiki ndicho kiini cha upole wa riwaya hizi, na sioni aibu kusema kwamba ni kitu kikubwa.

Fasihi yetu wenyewe inalielewa suala la umakini huu, ila imeligawa upande mmoja. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi aliomwandikia binti yake mnamo mwaka 1858, anamwelekeza jinsi ya kumtunza mume: akilala asimwamshe wala kupaza sauti, akae karibu asiondoke, akiamka chakula kiwe tayari, amkande mwili, amtengeneze ndevu. Wapo wanaousoma utendi huo kama minyororo. Mimi nausoma pia kama maelezo ya kina ya upendo kama kazi ya kumtazama mtu, mstari baada ya mstari, na mama huyo mgonjwa aliyaandika kwa mapenzi makubwa. Ila mtazamaji ni mke na mtazamwaji ni mume. Riwaya ya polepole ya staa wa roki inachukua umakini uleule na kuuweka mikononi mwa mwanamume. Yeye ndiye anayejua mwanamke anakunywa chai ya aina gani, anayezima simu asimwamshe, anayekaa karibu. Msomaji wa Nairobi aliyelelewa kwa mafundisho ya jikoni kabla ya harusi anatambua mara moja kilichogeuzwa, hata kama hajawahi kuulizwa akieleze.

Mwaka 1984 msomi wa Marekani Janice Radway alichapisha utafiti wake kuhusu kundi la wanawake wasomaji wa riwaya za mapenzi katika mji mmoja nchini humo. Walimwambia kwamba kitendo chenyewe cha kufungua kitabu kilikuwa njia ya kujitengea muda, wao waliokuwa wakiwahudumia wengine kutwa. Na shujaa waliyempenda alikuwa mwenye akili na upole, anayeweza kumlea mwanamke kama mwanamke alivyolea wengine, ukatili waliuchukia. Radway hakuishia kuwasifu. Alionya kwamba faraja hiyo ya kitabuni inaweza kumfanya msomaji avumilie mpangilio uleule wa nyumbani unaomchosha. Onyo hilo ni zito na wanaozitetea riwaya hizi, nikiwemo mimi, tunapaswa kulibeba badala ya kulikwepa. Jibu langu ni kwamba faraja haikai siri tena. Wanawake wa Radway walisoma peke yao nyumbani. Wasomaji wa leo wanasoma hadharani, wanachambua mbele ya kamera, wanaulizana katika makundi ya WhatsApp kwa nini mhusika fulani alisamehewa upesi. Msichana anayeweza kueleza kwa dakika tatu kwa nini mwanamume wa kitabuni alikosea kumfokea mpenziwe ameshapata maneno ya kulisema jambo hilo pengine pia.

Hoja dhaifu kuliko zote dhidi ya riwaya hizi ndiyo inayosikika zaidi: kwamba zinawapa wanawake matarajio yasiyowezekana. Hebu tuyaorodheshe hayo matarajio. Kusikilizwa hadi mwisho wa sentensi. Kuulizwa kabla ya kuguswa. Kutofokewa. Kuombwa msamaha kwa maneno kamili, na kosa litajwe. Hakuna hata moja linalohitaji gitaa wala akaunti ya benki iliyonona. Msomaji mzima wa akili hangojei bendi maarufu iharibikiwe na basi pale Githurai. Anajua kutenganisha gwanda la shujaa na mwenendo wake, kama anayesoma riwaya za upelelezi anavyojua kwamba hataitwa kuokoa dunia kesho. Kinachowatisha wanaotoa hoja hii, nadhani, ni kwamba mwenendo huo unawezekana kabisa, na kwa hiyo kuukosa kunadai maelezo.

Hoja ya pili ina nyama zaidi. Inasema upolepole huu ni biashara tupu. Kindle Unlimited, huduma ya Amazon ya kusoma kwa malipo ya mwezi, ilianza mwaka 2014, na tangu Julai 2015 inawalipa waandishi kwa idadi ya kurasa zinazosomwa. Anayevuta hadithi analipwa zaidi. Ni kweli, na matokeo yake mabaya yapo: riwaya ambazo wapenzi hukaa mbali kwa kurasa mia kwa sababu ya jambo ambalo simu moja ingelimaliza. Hizo nami huziacha nusu. Lakini hapo tunatofautisha polepole na ucheleweshaji. Katika ucheleweshaji hakuna kinachobadilika. Katika polepole kila sura inamwacha mmoja wao akijua kitu ambacho hakukijua. Tena, malipo kwa ukurasa hayamfaidi mwandishi ambaye msomaji amemchoka, maana kurasa zisizosomwa hazilipwi. Na hamu yenyewe ilikuwepo kabla ya Amazon. Kipande cha katikati kilichochakaa bwenini hakikulipiwa na kampuni yoyote. Watazamaji wetu wa tamthilia za Korea hukaa na vipindi kumi na sita na kuridhika mikono ikishikana kipindi cha nane.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiogopa, na sitajifanya nimeimaliza. Mastaa wengi wa riwaya hizi ni watu waliovunjika: pombe, dawa za kulevya, hasira, utoto wa mateso. Historia ya kweli ya roki imejaa makaburi ya vijana. Jimi Hendrix na Janis Joplin walikufa mwaka 1970, Jim Morrison mwaka 1971, Kurt Cobain mwaka 1994, wote wakiwa na miaka 27. Riwaya inaiandika upya historia hiyo, inamwokoa kijana, na mara nyingi inamtumia mwanamke kuwa dawa. Katika nchi ambayo wanawake huambiwa na wazazi, na wakati mwingine na wachungaji, kwamba vumilia tu atabadilika, hadithi ya penzi linalomponya mlevi inaweza kumrudisha mtu katika nyumba itakayomuua. Nimeona riwaya za namna hiyo zikisifiwa kwa upole wao wakati ninachokiona ndani yake ni muuguzi asiyelipwa. Hapa ndipo mwendo wa hadithi unapokuwa na maana ya kimaadili. Katika hadithi ya haraka wanakuwa wapenzi sura ya tano, na kurasa zote zinazobaki mwanamke anazitumia kumtengeneza. Katika hadithi ya polepole iliyoandikwa kwa uaminifu, kungojea kwenyewe ndiko mwanamume anakofanyia kazi yake: anakwenda kutibiwa kwa miguu yake, anaanguka, anarudi tena, anawaomba radhi wenzake wa bendi, na mwanamke yuko kwake anaendelea na hesabu zake za duka. Anapobisha hodi hatimaye, hajaja kutibiwa. Nikiulizwa na mzazi riwaya ipi ni salama kwa binti wa miaka kumi na saba, sihesabu mabusu. Namwomba aangalie nani anafanya kazi wakati wa kungoja.

Yapo malalamiko ya nne, kwamba shujaa huyu ni Mzungu wa Los Angeles na msomaji ni wa Kayole. Malalamiko ya haki, lakini yanaelekezwa pasipo. Msomaji anasoma alichowekewa mezani. Kitabu kipya cha kutoka nje hupita shilingi elfu moja, na tangu sheria ya mwaka 2013 vitabu hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kwa hiyo ananunua mtumba au anasoma nakala iliyosambazwa simuni kinyume cha haki za mwandishi. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ya Kiswahili isiyo na matumaini ya kuteuliwa kutahiniwa huonekana kama hasara. Miaka ya 1970 David Maillu na kampuni yake ya Comb Books walithibitisha kwamba wakazi wa Nairobi hununua hadithi za mapenzi kwa pesa zao wenyewe, bila mwalimu kuwaagiza. Ila vitabu vile vya mjini vilikuwa vya haraka, vya baa na vitanda na majuto ya asubuhi. Mapenzi ya taratibu hatukuyajengea rafu.

Malighafi tunayo tele. Mpiga gitaa wa Nairobi ni mhusika mwenye kina kuliko yule wa Los Angeles, kwa sababu hapa wazazi wa msichana hawamwoni kuwa na kazi. Tangu enzi za Fundi Konde na Fadhili William, tangu bendi za Wakongo kama Super Mazembe na Les Mangelepa zilipojaza kumbi za mji huu, mwanamuziki amependwa usiku na kutiliwa shaka mchana. Anakwenda Mombasa kupiga mahotelini Desemba nzima na kurudi Januari akidai malipo yake. Anapanga chumba kimoja Umoja ambako ukuta unapitisha kila sauti na mlinzi wa ploti anajua aliyeingia na aliyetoka. Katika mazingira hayo upole unataka akili: mtu anambembeleza vipi mwenzake taratibu pasipo na faragha, huku shangazi akiuliza barua ya posa inaletwa lini? Hilo ni swali la riwaya nzima, na hakuna mwandishi wa Marekani anayeweza kutujibia.

Njia ya kuiuza pia ipo. Tanzania, waandishi wa hadithi za simuni wanauza sehemu kwa sehemu kupitia WhatsApp na Facebook, msomaji analipa kiasi kidogo kwa simu na kutumiwa kinachofuata. Wasomaji wa Kenya waliokua wakisoma riwaya vipande vipande hawatahitaji kufundishwa utaratibu huo, na M-Pesa wanayo tangu mwaka 2007. Kinachokosekana ni mhariri atakayemwambia mwandishi asiwakimbize wahusika wake kitandani sehemu ya pili, atakayemrudishia sehemu ya saba kwa sababu mwanamume ameomba msamaha bila kutaja kosa, na mchapishaji wa Nairobi atakayekubali kumlipa mhariri huyo mwaka mzima kabla ya shilingi ya kwanza kurudi.